Boriti Kumi na Nne za Daraja la Isebanda

Siku ya tatu ya kuulizia mbao, Inspekta Ghati Mwita alikuwa amekwisha kuchekwa na mafundi seremala wa Kahama karibu wote, na wawili kati yao walimcheka wakiwa wamekaa. Hawakuona sababu ya kujisumbua kusimama.

"Mninga wa mwaka thelathini na saba?" alisema wa mwisho, mtu mnene mwenye penseli sikioni, jina lake Davis. "Mama, mzigo huo ungeingia mjini asubuhi, saa nne mngenikuta nimeulalia juu ili jirani asiuone. Haujapita hapa."

"Ni boriti kumi na nne."

"Hata ingekuwa moja. Zina urefu gani?"

"Futi tano na nusu. Unene kama paja la mtu."

"Paja la nani? Langu au la kwako?"

"La mtu anayejibu maswali vizuri."

Davis akacheka mpaka penseli ikadondoka. Alipoinama kuiokota, kicheko kilikuwa kimekwisha na fundi ndiye aliyebaki. "Futi tano na nusu ni fupi kwa kenchi, na unene huo ni mwingi mno kwa kitanda. Unapoteza muda wako, mama. Unamtafuta mtu anayejenga nyumba. Tafuta anayechimba shimo."

Ghati akafunga daftari. Siku tatu, lita arobaini za dizeli ya serikali, na jibu lilikuwa kwa mtu mwenye penseli sikioni.

Garini, Koplo Masudi, dereva wake, mtu wa Tanga asiyejua kunyamaza, aliwasha injini na domo lake pamoja. "Kwa hiyo ni machimbo. Afande, tukifika huko usiwaambie tunatafuta boliti."

"Ni boriti."

"Nakupima tu. Mkurya anayezijua herufi zake ni mali ya taifa."

Utani huo Ghati aliuzoea tangu chuo cha polisi, ambako wenzake kutoka kila pembe ya nchi walimngojea mlangoni mwa bwalo: *Ghati, umekura ugari?* Mwaka mzima alisimama mbele ya kioo cha bweni kila alfajiri, akitenganisha r na l kama anayechambua mawe kwenye mchele. Sasa alizitamka vizuri kuliko mtangazaji wa redio, na alijivunia hilo kuliko nyota za begani mwake. Nyota alipewa na watu; herufi alizitafuta mwenyewe.

Kesi yenyewe, ukimsikiliza mkuu wake, ilikuwa imekwisha. Wiki tatu nyuma, mchana kweupe, daraja la Isebanda lilikatika katikati likaenda na Mto Mhangala uliokuwa umejaa. Juu yake ilikuwapo bodaboda iliyokuwa inampeleka zahanati Blessing, mwanamke mwenye mimba ya miezi minane. Yeye na dereva waliopolewa kesho yake, kila mmoja kwenye kona yake ya mto.

Daraja lile halikuwa na mwenzake katika eneo lote. Lilijengwa kwa mbao na kuezekwa, lina kuta na paa kama ghala refu lililoamua kuvuka maji. Bruda mmoja wa misheni, aliyezaliwa kwenye milima ya theluji ambako madaraja huvikwa hivyo, alilichora mwaka 1937. Fundi Masalu wa Isebanda akalijenga. Mbao iliyofunikwa haiozi, Bruda alisema, na kwa miaka karibu tisini hakuna aliyemshinda kwa hoja. Shida ya kwanza ilikuwa ng'ombe. Waliliona ni nyumba ya watu, wakagoma kuingia, wakarudi nyuma na kukanyagana, mpaka Masalu akamwaga samadi sakafuni kutoka mwanzo hadi mwisho. Ng'ombe wakanusa, wakaona kumbe ni zizi tu, wakapita. Tangu hapo kila mwaka, mvua zikikaribia, samadi ilimwagwa na vigingi viligongwa upya. Kazi hiyo Masalu alimwachia mwanawe, Januari.

Na Januari ndiye aliyekuwa mahabusu.

Ghati alikuwa ameshuka mwenyewe chini ya mabaki. Boriti kumi na nne za mshazari, zile zilizobeba sakafu kutokea chini, hazikuwapo. Hazikuvunjika. Vigingi vyake vilikuwa vimegongwa kwa ustadi vikatoka, na matundu yalikuwa safi. Juu kila kitu kilibaki mahali pake, na mpita njia angeapa daraja lina afya kuliko yeye. Kwenye mlango wa daraja alikuta matawi ya miiba yaliyosukumwa pembeni, na Mzee Januari, umri miaka sabini na minane, alikiri kwamba aliyaweka yeye. Alijua, basi. Ghati akamketisha katika ofisi ya kijiji, akamwonya kama sheria inavyotaka, akaandika maelezo.

Aliyakumbuka neno kwa neno, na haikuwa ajabu, maana alisifiwa kwayo. Mzee alizungumza Kiswahili cha Kisukuma, r zake zote zimegeuka l. "Dalaja la baba yangu," alisema. Namba za boriti baba yake alizichonga kwa patasi, akizinakili kwenye saa ya kanisa. Saa ya kanisa ikaishia kumi na mbili, na fundi asijue kinachofuata. Basi boriti ya kumi na tatu aliirudishia moja na kuitia kitone, na ya kumi na nne, ya mwisho, mbili na kitone.

"Na boriti zilizotoka?" Ghati aliuliza.

"Zilitolewa kwa ajili ya kula. Kila mtu hapa anajua."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilizihesabu moja moja zikitoka." Hapo mzee akanyoosha kidole, akakitikisa hewani kama anayefukuza nzi nyuma ya kichwa cha Ghati.

"Shusha mkono, mzee. Tuandike kwanza."

Akaandika, akamsomea yote kwa sauti. Mzee akakubali kwamba ndivyo alivyosema, akatia dole gumba. Mkuu wa upelelezi wa wilaya, Valerian, alimpongeza mbele ya kikao: siku moja, maelezo safi, amekula daraja mzee wa watu! Wakacheka. Kesho, Ijumaa, saa tatu, Januari angefikishwa mahakamani kwa kuua bila kukusudia watu wawili. Jalada lilikosa kitu kimoja tu, mnunuzi.

*

Machimbo ya dhahabu ya Kwa Mjane yalikuwa mwendo wa saa moja na nusu kutoka barabara ya lami: turubai za bluu, vumbi, karasha zikisaga mawe mpaka meno ya mtu yakatetema kwa kuyahurumia. Ghati hakuuliza habari za mbao. Aliuliza duara lipi, yaani shimo lipi la wachimbaji, lilikuwa limebomoka kingo mwaka jana, na sasa halibomoki tena.

Wote wakaonyesha upande mmoja.

Mkuu wa duara hilo aliitwa Maganga, mtu mrefu, matope mpaka kope. "Mwangaluka, mayu," alisalimu kwa Kisukuma, kama anayemwamkia mama yake. "Kalibu. Kama umeleta habali za leseni, mwenye leseni hayupo. Kama umeleta chakula, mwenye duala ni mimi."

"Nimeleta macho. Nataka kuona matimba yako."

Matimba ni magogo yanayopangwa kuzunguka kingo za shimo ili ardhi isimrudie mchimbaji kichwani. Maganga alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. "Unashuka mwenyewe, ama unamshusha huyu mnene?"

"Mimi nina kisukari," Masudi akawahi.

Wakamkalisha Ghati juu ya kijiti kilichofungwa kwenye kamba, wakazungusha winchi. Futi kumi za kwanza zilikuwa miti ya msituni, myembamba, yenye magome. Baada ya hapo rangi ikabadilika. Mbao nyekundu iliyokomaa, imechongwa pembe nne, imelala boriti juu ya boriti, kila moja na tundu la kigingi kwenye kila ncha. Alipapasa kwa vidole na kumulika tochi. V. VI. Chini yake mistari minne iliyosimama pamoja, IIII, kama saa za makanisa zinavyoandika nne. Akaendelea kuhesabu kwa sauti, kamba ikimzungusha. Ya mwisho, karibu na mguu wake, ilikuwa na mistari miwili na kitone kilichochongwa kwa uangalifu, kama mtu aliyetia nukta baada ya sentensi ndefu.

Mlangoni mwa daraja lilichongwa jina la Bruda na mwaka. La Masalu halikuchongwa popote, na hapa ndipo mkono wake ulipoishia, futi ishirini chini ya ardhi.

Alipopandishwa juu, hakujikung'uta. "Kumi na nne. Mlinunua kwa nani?"

"Kununua?" Maganga akawageukia wenzake. "Mnamsikia mama? Hatukununua hata moja. Tuliletewa, na loli, na soda juu yake. Mbao zenyewe zilikuwa za kula."

Neno likamgonga Ghati mahali asipopatarajia. Alikuwa amelisikia hivyohivyo, kwa sauti hiyohiyo, kutoka kwa mzee. "Za kula. Mliziuza mpate chakula?"

Wachimbaji wakaangua kicheko. Mmoja akakaa chini kabisa.

"Siyo kula ya mdomo, afande!" Maganga alisema, akiinua kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto na kujifanya anakichovya kwenye kitu. "Kula ya wino! Kula ya sanduku! Sisi hapa watu mia nne, mayu. Mwenyekiti wa Isebanda alikuwa anagombea udiwani. Alikuta duala limetuulia mtu mmoja wiki ile, akasema, nichagueni, matimba natoa mimi. Akaleta. Tukampa kula zote. Tunatimiza ahadi sisi."

"Kura," Ghati alisema polepole.

"Ndiyo. Kula."

Masudi akavua kofia.

"Mlijua zimetoka wapi?"

Maganga akaacha kucheka. Alitazama shimo, kisha mikono yake. "Alisema ni mabaki ya stoo ya misheni. Dalaja tulisikia baadaye, kwenye ledio. Nikashuka nikaziona zile namba, nikasema nani anaandika namba kwenye stoo?" Akatema mate pembeni. "Sasa niambie, mayu, nizitoe? Nikizitoa leo, kesho unakuja kuokota watu wangu. Kuna vijana kumi na wawili chini saa hizi."

Ghati akatazama kamba iliyokuwa ikizama shimoni. Akaandika maelezo ya Maganga papo hapo, juu ya boneti la gari. Kila alipofika kwenye neno lile alisimamisha kalamu na kuuliza: kula ya mdomo, au ya wino?

*

"Mwenyekiti wa wakati huo ni Donatus," alimwambia mkuu wake kwa simu, gari likiruka mashimo kurudi Isebanda. "Nina boriti zote, nina shahidi, na wenzake wako tayari kuandikisha. Mzee hakukiri kitu, mkuu. Alikuwa anatoa taarifa."

Valerian hakugusa habari za boriti. "Maelezo aliyaandika nani, Ghati?"

"Mimi."

"Mwandiko wako, saini yako. Ulimsomea, akakubali. Ukiyageuza leo, swali la kwanza mahakamani ni mwandishi alikuwa amelala wapi. Na huyo unayemtaja ni diwani ameapishwa. Siyo mwenyekiti wa kijiji tena. Rudi uendelee na kazi zako nyingine."

"Hii ndiyo kazi yangu nyingine, mkuu."

Simu ikakatwa. Masudi aliendesha kama mtu anayebeba mayai. Baada ya maili kadhaa akasema, "Lakini mtu yeyote angekosea, afande. Mzee kasema kula, umeandika kula."

"Alisema dalaja. Niliandika nini?"

"Daraja."

"Alisema balabala. Alisema fedha za selikali. Alisema malehemu baba yake. Nilizirekebisha zote bila hata kufikiri, maana zisiporekebishwa si neno." Alitazama nje, mpunga wa watu ukipita. "Kula ilikuwa neno tayari. Ikaniridhisha. Sikuuliza hata nani alizitoa. Mtu anasema 'zilitolewa', na mimi, mpelelezi wa miaka kumi na moja, siulizi nani."

Ofisi ya kijiji ilikuwa wazi, haina mtu. Ghati akavuta benchi lilelile, akakaa alipokaa siku ile, mgongo ukutani. Kisha akahama, akakaa alipokaa mzee, na kuinua macho.

Ukutani, juu kidogo ya pale kichwa chake kilipokuwa, bango la kampeni lilikuwa bado limegandishwa, pembe moja imebanduka. Donatus, shati jeupe, meno yote hewani, mkono umeinuliwa kubariki wapiga kura.

Mwanamke aliyekuwa anapita na ndoo akachungulia. Alikuwa Paskalina, binti wa Januari. Wiki tatu sasa alikuwa akimpelekea baba yake chakula kwa miguu, akivuka penye kina kifupi, maana kwa bodaboda ilibidi kuzunguka mto mzima.

"Shikamoo," alisema, bila kuonyesha kama anaisema kwa mtu au kwa cheo.

"Marahaba. Mama, ile miiba mlangoni mwa daraja. Mzee aliiweka lini?"

"Siku ileile walipomaliza kung'oa. Aliiweka, mwenyekiti akaitoa, akasema mzee anazuia maendeleo. Aliiweka tena, wakaitoa. Mara tano." Akaituliza ndoo kichwani. "Ya tano alikaa mlangoni mwenyewe, anawarudisha watu. Wakamwambia kazeeka. Wewe uliandika aliiweka kuficha wizi. Nilisoma kwenye gazeti."

Ghati akainuka kutoka mahali pa mzee.

"Panda gari," alisema. "Tunakwenda kwa mzee."

*

Walimtoa Januari mahabusu saa kumi na moja jioni, wakamkalisha kwenye benchi la kaunta. Alikuwa amekonda, na kikohozi kilimtikisa kama kinamdai. Alimtazama Ghati bila chuki, na hilo likamuumiza kuliko ambavyo chuki ingeweza.

"Shikamoo, mzee."

"Malahaba, mwanangu. Umeziona?"

"Nimeziona zote. Ya mwisho ina mistari miwili na kitone."

Uso wa mzee ukafunguka kidogo. "Hiyo ilimpa baba shida. Alikaa siku nzima anaiangalia saa, anangoja labda itazidi kumi na mbili."

"Mzee, kwa nini hukunitajia jina la Donatus?"

"Nilimtaja." Januari akanyoosha kidole kilekile, akakitikisa. "Alikuwa nyuma yako, anacheka. Wewe ni polisi, nikasema utageuka. Ukaniambia nishushe mkono."

Paskalina akatazama sakafu. Konstebo wa kaunta akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimepangika.

Ghati akachukua karatasi mbili safi. Kwenye ya kwanza aliandika maelezo yake mwenyewe, kama shahidi yeyote: Mimi, Ghati Mwita, askari, nilimhoji mzee huyu tarehe fulani, nikaandika neno moja vibaya, na nikaacha kuuliza swali lililopaswa kuulizwa. Alijua karatasi hiyo itampeleka wapi, na ni nani angekwenda kuisoma kwanza. Akaitia saini. Kwenye ya pili aliandika maelezo mapya ya Januari, akiuliza nani kila palipokuwa na nani, mpaka mkono ukamuuma.

Alipomaliza akamsomea mzee, kama utaratibu unavyotaka, taratibu, kila herufi imesimama peke yake. Alipofika kwenye mstari ule aliiviringisha r mpaka konstebo akainua kichwa:

"'Boriti zilitolewa kwa ajili ya kura.'"

Mzee Januari alisikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha, sikio lake lililo zima limeelekezwa kwa karatasi. Kisha akamtazama Ghati kwa mshangao wa kweli.

"Mbona ni yaleyale, mwanangu?" alisema. "Ndivyo nilivyokwambia siku ile. Kwa ajili ya kula."

"Ndiyo, mzee," Ghati alisema. "Yaleyale."

Akafungua kidau cha wino. Mzee alikuwa amekwisha kunyoosha dole gumba.